Cheche Iliyopotea Mulongwe

Corolla ile nyeupe ilikuwa imemzidi umri dereva wake. Ilitoka kiwandani Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, usukani upande wa kulia, ikaja kuzeekea Uvira, mji wa Kivu, mashariki ya Kongo, ambako magari nayo hupita kulia. Kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele, abiria wa kiti cha kushoto ndiye anayechungulia na kumwambia, "Pita, njia nyeupe." Kazi yake ilikuwa ileile kila siku: soko la Mulongwe hadi Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi, kisha kurudi, abiria wanne wamebanana nyuma na mabeseni ya ndagala kwenye buti.

Siku moja, saa saba mchana, ikazimika karibu na daraja. Haikukohoa wala kutoa moshi. Dereva akageuza ufunguo, stata ikazungusha vizuri, wuu-wuu-wuu, lakini injini haikushika.

Gari likiharibika mjini, mafundi huota kila kona. Wa kwanza alikuwa muuza mikate. "Hizo ni bujii," akasema, akimaanisha plagi. Dereva akanunua plagi nne mpya, akazifunga. Wuu-wuu-wuu. Wa pili akafungua ufunguo bila kupiga stata, akatega sikio kwenye tangi, hakusikia kitu. "Pampu ya esansi imekufa," akasema, yaani ya petroli. Mtu akatumwa Bujumbura na dola, akarudi na pampu iliyotumika ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla haijafungwa, wa tatu akafika na jibu la bei kubwa kuliko yote: "Delko hiyo. Badilisha delko nzima."

Hapo mama mwenye gari, ambaye ndiye aliyekuwa akitoa dola hizo, akasema basi. Vijana wakaisukuma Corolla hadi kwenye garaji lililo chini ya mwembe, upande wa milimani. Fundi wa pale ni mtu mzima, hapendi kelele. Msaidizi wake ni mpwa wake, msichana wa sekondari, anayekuja akitoka shule na kuvaa ovaroli iliyomzidi kimo.

Nitakueleza walivyofanya, kwa sababu siku moja na wewe utasimama mbele ya gari linalozungusha lisiwake, na watu watatu watakupa majibu matatu.

Injini ya petroli inataka hewa, petroli na cheche, kila kimoja kwa wakati wake. Pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli, inapanda na kuubana mchanganyiko huo, na karibu na kilele cha kupanda, cheche inaruka kwenye plagi. Mchanganyiko unawaka, unatanuka, unaisukuma pistoni chini. Injini ya Corolla hii ina pistoni nne na plagi nne. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, zinahitajika cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Wakati stata peke yake inazungusha, mwendo ni mdogo, na cheche zinazohitajika ni sita au saba tu kwa sekunde. Zikikosekana hizo sita, gari halitoki.

Batri ya gari ina volti 12. Volti 12 haziwezi kuruka hewani hata upana wa unywele, na kwenye plagi pengo ni karibu milimita moja, tena katika hewa iliyobanwa sana. Kwa hiyo kuna koili. Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma kimoja: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba wenye mizunguko maelfu. Umeme wa batri unapopita katika ule mnene, chuma kinakuwa sumaku. Umeme ukikatwa ghafla, usumaku unaporomoka, na kuporomoka huko kunazalisha umeme mpya katika waya mwembamba, safari hii volti 20,000 au zaidi. Jambo hilo, kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme, Michael Faraday alilionyesha London mwaka 1831, kabla gari lolote la petroli halijaundwa. Na kinachoruka kwenye plagi ni ndugu mdogo wa radi. Watoto wa Kivu hawahitaji kuelezwa radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani.

Weka akilini neno "kukatwa". Cheche haizaliwi umeme unapowashwa, huzaliwa unapokatwa, na lazima kuwe na mtu wa kuukata kwa wakati unaofaa. Katika magari ya zamani zaidi, kama Peugeot 404 ambazo wazee wa Uvira wanazikumbuka, kazi hiyo ilifanywa na vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Cheche ikipotea, fundi alivisugua kwa msasa, safari ikaendelea. Katika magari ya leo kompyuta inafanya kila kitu, na fundi huchomeka mashine yake kwenye tundu chini ya usukani, akasoma kosa kwenye kioo.

Corolla hii iko katikati. Ina kompyuta, ina injekta zinazopuliza petroli, lakini bado ina delko, kile kikombe kinachogawa cheche, chenye kifuniko cheusi na waya tano nene, au nne ikiwa koili imefichwa humohumo ndani, kama ilivyokuwa kwa hii. Haina tundu la mashine za kisasa. Ni gari linalojua kusema, ila linataka uijue lugha yake. Wengi wanaoharibu fedha juu ya magari ya kizazi hiki ni wale wanaoyafanyia mambo ya Peugeot, au wanaosubiri mashine ambayo haitachomeka.

Fundi hakushika spana. Alianza na maswali.

"Ilizimika ghafla, ao ilianza kukosa-kosa?"

"Ghafla, shefu," dereva akajibu. "Ila wiki iliyopita ilikuwa inakatika kidogo nikipita kwenye mashimo, kisha inashika tena."

"Na maji? Imewahi kuingia majini?"

Dereva akacheka. Ni nani Uvira ambaye gari lake halijaingia majini? Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024, maji yaliingia katika mitaa ya kando ya ziwa, yakafika bandari ya Kalundu na barabara ya mpakani. Teksi zilipita zikisukuma mawimbi mbele yake. Corolla nayo ilipita.

Fundi akaitikia kwa kichwa, akayaweka majibu hayo mawili, mashimo na maji, mahali pa kuyachukua baadaye. Kisha akamwambia mpwa wake afungue ufunguo bila kupiga stata.

"Taa ya motere imewaka, Mjomba."

Hilo peke yake ni jibu. Taa ile ya injini, ya rangi ya chungwa, kwenye dashibodi ikiwaka ufunguo unapofunguliwa, kompyuta imepata umeme. Isingewaka, wangekwenda moja kwa moja kwenye fyuzi iliyoandikwa EFI na rilei yake, na pengine kazi ingeishia hapo. Stata nayo ilizungusha kwa sauti ya mpigo ulio sawa. Batri ilikuwa hai, na pistoni zilikuwa zinabana hewa. Sekunde kumi, na sehemu kubwa ya gari imeshatolewa katika orodha ya washukiwa.

Sasa cheche yenyewe. Msichana alichomoa kwanza vishikio vya waya kwenye injekta zote nne, ili stata ikizunguka petroli isipulizwe ovyo. Akafungua plagi ya silinda ya kwanza. Ilikuwa mpya, bado inang'aa.

"Mama, inuse," fundi akamwambia. Huko Kongo mjomba anaweza kumwita mpwa wake mdogo "mama", na ni heshima na upendo kwa pamoja.

Akainusa. Akaipitishia kidole. "Haina harufu. Ni kavu kabisa."

"Na hawa wamepiga stata tangu juzi."

Akanyamaza, akamwachia afikiri. Nami nakuachia wewe pia, kwa sababu kipimo hiki hakina gharama yoyote na kilikuwa kimeshasema nusu ya habari. Injini iliyozungushwa sana bila cheche, lakini yenye petroli, huzilowesha plagi. Ukizitoa zinanuka tangi. Plagi hii ilikuwa kavu. Basi cheche haikuwa imepotea peke yake.

Kabla ya kuendelea, fundi alizunguka gari zima akitafuta bomba linalovuja, akasogeza mbali chupa ya petroli aliyokuwa akisafishia vifaa. Mtu wa bonde la Ruzizi hachezi na petroli. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Mafuta yakamwagika, watu wakasogea, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 230, wakiwemo waliokuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Petroli yenyewe haihitaji kiberiti. Mvuke wake ukikutana na cheche ndogo kama ile wanayoitafuta mafundi, inatosha.

Hakukuwa na uvujaji. Fundi akachomeka plagi kwenye waya wake mnene, akaufunga mwili wa chuma wa plagi kwa kibano kwenye injini, chuma kwa chuma, akajitenga. Hakuishika mkononi, na wewe usiishike: volti 20,000 zikikurusha, mkono wako unaweza kuangukia kwenye feni. Wala usiuache waya ule ukining'inia hewani bila plagi ya kupokea umeme, kwa sababu umeme usiopata njia hujitafutia njia ndani ya koili na kuiua.

"Piga," akamwambia dereva.

Wuu-wuu-wuu. Msichana alikuwa ameinama, ameweka kiganja juu ya plagi kuikinga na jua, bila kuigusa. Cheche nzima ni ya buluu na ina mlio, tak, tak, tak. Dhaifu ni ya njano au nyekundu, haina sauti. Hii haikuwa nzima wala dhaifu. Hakukuwa na kitu.

Fundi akatoa mfukoni balbu ndogo ya dashibodi yenye vijiwaya viwili, akavichomeka kwenye tundu la waya wa injekta. Kompyuta ikitoa amri ya kupuliza petroli, balbu hiyo hukonyeza. Wakapiga stata tena. Haikukonyeza.

"Si ndiyo maana tulinunua pampu, shefu?" dereva akauliza, akionyesha mfuko wa plastiki.

Fundi akafungua kisanduku cheusi kilicho karibu na injini. Toyota za miaka hiyo nyingi zinacho. Ndani kuna matundu madogo, na upande wa ndani wa kifuniko yameandikwa majina yake. Akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili, +B na FP, ufunguo ukiwa umefunguliwa. Chini ya kiti cha nyuma kukasikika mngurumo mwembamba, zzzzz. Pampu ya zamani ilikuwa nzima.

Yule aliyetega sikio kwenye tangi hakusema uongo. Kweli hakusikia kitu. Ila Toyota nyingi za kizazi hiki haziwashi pampu ufunguo unapofunguliwa tu. Huiwasha wakati stata inazungusha, kisha kompyuta huiacha iendelee maadamu inaona injini inazunguka. Alisikiliza wakati ambao hakukuwa na la kusikia. Ukipima kitu, ujue kwanza kizima kingefanya nini, la sivyo ukimya utakudanganya.

Hapa ndipo kiini cha kazi yote, nami nakaa hapo kidogo. Kulikuwa na ukosefu wa vitu viwili: cheche hakuna, amri ya injekta hakuna. Mtu mwenye haraka huona maradhi mawili na kununua dawa mbili. Fundi aliuliza: ni kitu gani kinavihusu vyote viwili? Plagi haihusu injekta. Lakini kuna jambo moja ambalo kompyuta inalihitaji kabla haijatoa amri yoyote kati ya hizo mbili, nalo ni kujua kwamba injini inazunguka, na pistoni ziko wapi.

Habari hiyo inatoka kwenye delko. Ndani yake, chini kabisa, kuna magurudumu madogo ya chuma yenye meno na koili mbili ndogo zenye sumaku. Kila jino likipita mbele ya koili, linatikisa usumaku, na kijiumeme kidogo sana kinazaliwa. (Faraday tena; mtu huyu hakai mbali na gari.) Koili moja inaitwa NE, inahesabu mzunguko. Nyingine ni G, inaonyesha silinda gani imefikiwa. Kompyuta isiposikia NE, inaamini injini imesimama, hata stata ipige kelele namna gani. Na kwa injini iliyosimama haipulizi petroli wala haipigi cheche. Ni uamuzi wa busara: gari likigongwa na injini ikazimika, hutaki petroli iendelee kumwagika kwenye chuma cha moto.

Kama balbu ingekonyeza na cheche tu ndiyo ingekosekana, wangekwenda njia nyingine kabisa: kifuniko cha delko kilichopasuka au chenye unyevu ndani, rota iliyoliwa, koili, au ile moduli inayoukata umeme wa koili. Moduli zina tabia ya kufa zikipata joto na kufufuka jioni, na kwa joto la Uvira hilo hutokea sana. Siku hiyo haikuwa habari yao.

"Fungua kifuniko cha delko," fundi akasema. "Tazama rota, mimi napiga stata."

Rota ni kile kipande kinachozunguka katikati ya kifuniko na kugawa cheche kwa silinda. Ikisimama huku stata inazungusha, mkanda wa taimingi umekatika, na hakuna haja ya kutafuta umeme. Msichana akachungulia. "Inazunguka, Mjomba. Inazunguka vizuri." Basi meno yalikuwa yanapita mbele ya koili. Swali likabaki: sauti yake ilikuwa inafika?

Ndipo fundi akaliachia gari liseme lenyewe. Kwenye kisanduku kilekile cheusi akaunganisha matundu mengine mawili, TE1 na E1, baada ya kusoma majina mara mbili, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu cha bei. Akafungua ufunguo. "Hesabu."

Taa ya injini ikawaka mara moja, ikazima. Ukimya wa kama sekunde moja na nusu. Ikawaka mara mbili upesi. Ukimya mrefu. Kisha ikarudia: moja, halafu mbili.

"Moja na mbili. Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili. Kama gari halina neno, taa inakonyeza sawasawa bila kusimama. Kumi na nne ingekuwa moduli haijibu. Kumi na mbili ni kwamba tulipiga stata, na kompyuta haikusikia NE ao G."

Yule bwana wa jibu la tatu, ambaye alikuwa amefuata gari hadi garajini, akapiga makofi. "Sikusema? Delko!"

Fundi hakumjibu. Namba kumi na mbili haikutaja delko. Ilisema tu kwamba sauti haijafika. Anayesema anaweza kuwa bubu, au njia imekatika, au anayesikiliza ni kiziwi. Mafundi wengi hubadilisha delko wakiona kumi na mbili, na mara nyingi wanapatia, jambo ambalo ndilo linaloidumisha tabia hiyo.

Akaleta mita, akaiweka kwenye ohmu, akachomoa kishikio cha waya za delko. Injini ilikuwa baridi. Kitabu cha injini ya aina hii kinataka ohmu 370 hadi 550 kwa NE na 185 hadi 275 kwa G. Msichana akagusa vijiti vya mita kwenye pini za NE: 430. Kwenye pini za G: 220. Koili zote mbili zilikuwa nzima. Bwana wa delko akakumbuka kwamba ana miadi mjini.

Wakarudisha kishikio, wakafungua waya wa batri, wakatoa paneli ya katikati chini ya dashibodi hadi wakaifikia kompyuta, kisanduku bapa cha bati kilichojaa vumbi jekundu la barabara ya bondeni. Wakachomoa kishikio chake na kupima koili zilezile, safari hii kutoka upande wa pili wa waya. G: 220. NE: mita haikusoma kitu.

Ohmu 430 kule, hakuna kitu huku, na katikati waya usiofika mita tatu.

"Unakumbuka dereva alisema nini juu ya mashimo?" fundi akauliza.

Alikumbuka. Fundi akashika vijiti vya mita kwenye kishikio cha kompyuta, msichana akarudi mbele na kuanza kuutikisa mfungo wa waya kidole kwa kidole, kuanzia kwenye delko. Hakuna. Hakuna. Alipofika mahali ambapo mfungo unapita juu ya kipande cha chuma kilichofungwa kwenye mwili wa gari, fundi akapaza sauti kutoka ndani: "430! Simama hapo." Akaachia, ikapotea. Akasukuma, ikarudi.

Wakachana tepu kwa wembe. Chini yake ncha ya kile chuma ilikuwa imeusugua mfungo, mtikisiko baada ya mtikisiko, hadi ikaufikia waya mmoja wa NE. Ngozi ya plastiki ilikuwa imetoboka, maji yakapita, na shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nyuzi zote zilikuwa zimekatika isipokuwa moja, nayo iligusana pale tu ulipoisukuma. Wiki iliyopita, kwenye mashimo, huenda zilikuwa mbili au tatu.

Kukarabati ni rahisi kuliko kutafuta, lakini kuna ufundi wake. Msichana alikata waya kurudi nyuma hadi alipoona shaba nyekundu inayong'aa pande zote mbili. Kuunganisha juu ya ile ya kijani ni kujiandalia kazi ya mwezi ujao. Akaingiza kipande kifupi cha waya mpya, akakilehemu kwa risasi, akavika mpira wa kubana kwa moto. Nje ya waya za NE kuna wavu mwembamba wa chuma. Nao akaurudisha na kuuunganisha. Si pambo. Umeme wa NE ni mdogo sana, na karibu yake zinapita waya za volti maelfu. Bila ule wavu, kompyuta ingesikia kelele za jirani na kuhesabu meno yasiyokuwepo. Mwisho akausogeza mfungo mzima mbali na kile chuma, akaufunga mahali pengine, na ile ncha kali fundi akaipiga tupa.

Kishikio cha kompyuta, paneli, batri, injekta, plagi, kifuniko cha delko. Kipande cha waya kikatolewa kwenye TE1 na E1. Dereva mwenyewe akageuza ufunguo. Wuu, na ikashika kabla ya wuu ya pili.

Bado. Fundi akaizima, akachomoa fyuzi ya EFI, akamwambia mpwa wake ahesabu hadi thelathini. Huenda kumbukumbu ya kompyuta ilishafutika batri ilipofunguliwa, na sekunde kumi zinatosha kuifuta, lakini yeye hupenda kuzidisha. Wakairudisha fyuzi, wakaliwasha gari, wakalitembeza hadi barabarani kwenye mashimo ya kweli na kurudi, ndipo wakaunganisha tena TE1 na E1. Taa ikakonyeza sawasawa, bila kusimama, bila namba.

Mama mwenye gari alikuwa amefika, amekaa kwenye benchi na simu mkononi. Akauliza deni ni kiasi gani. Fundi akataja, lilikuwa chini ya bei ya zile plagi nne. Mama akamlipa nusu kwa faranga za Kongo na nusu kwa za Burundi, kama wanavyolipana watu wa Uvira, kisha akamgeukia dereva.

"Na hii pampu?"

"Mama, muuzaji wa Bujumbura harudishi vitu vya umeme."

"Basi iweke vizuri. Ya zamani ikifa, utanikumbusha kwamba nilishalipa." Akapanda kiti cha mbele, upande wa kushoto, wakaondoka kuelekea Kavimvira, yeye akiwa ndiye wa kuangalia njia.